Tano kwa Kumi na Tatu kwa Nne

Mchana nauza beringi, Barabara ya Saba, Ngamiani.
Mtu akisema pampu, mkono unakwenda wenyewe;
akisema mashine ya kusaga, nauliza: ya mahindi au ya karanga?
Sitini na mbili sifuri tatu, gurudumu la pikipiki.
Namba hizi nazijua kuliko siku walizozaliwa wadogo zangu.

Lakini hii ni ndogo.
Hii unaiweka juu ya ukucha wa dole gumba
na ukucha unabaki.

Singano aliiacha gari chini ya kitanda
siku aliyorudi shule, Korogwe.
"Mota imekufa, mama. Itupe."
Imekufa! Mtoto wa muuza beringi.
Nikazungusha shafti kwa vidole viwili,
ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini nyuma ya sikio:
kwaru, kwaru, kwaru,
kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga
mbele ya wakwe, anaona haya kutema.
Maiti hainung'uniki.

Ni chumvi. Jumamosi zote zile
nyuma ya maghala ya reli, kwenye sakafu ya saruji,
magari yao yakishindana kuzunguka makopo ya rangi.
Hewa inayokula bati la nyumba yetu
itaiachaje gololi isiyofika punje ya uwele?

Usiku, umeme uliporudi, nikatandika kanga kuukuu mezani,
maana kinachoangukia sakafuni hakirudi.
Maneno ya kanga yamefutika, imebaki MWENYE na nusu ya herufi.

Skrubu tatu. Kifuniko. Kisha rota,
na rota haitaki kutoka: sumaku yake imeng'ang'ania ukuta
kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Ikachomoka ghafla, ikanibana kidole.

Kulikuwa na washa mbili, nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Moja niliiona. Ya pili nikaitafuta
juu ya kanga, chini ya kanga, kifuani, ndani ya ndara,
nikamwamsha Bi Zaharia, jirani, aniazime tochi,
naye akaja na tochi na maoni:
"Usiku huu? Kwa kidude cha kuchezea?"
Washa ilikuwa imenata mgongoni mwa rota,
muda wote imo mkononi mwangu.
Bi Zaharia alicheka hadi akakaa chini.

Beringi kongwe haivutwi. Pasha kifuniko juu ya pasi,
kisha kigonge kwenye ubao, mara moja, kwa adabu.
Ikadondoka. Nikaipasua kwa koleo,
sijawahi kuweza kuiacha beringi bila kuipasua:
sisi tulizitafuta za malori ya mkonge, Pongwe,
gololi kubwa kama macho ya mbuzi,
tukazipigia vishimo hadi tukaitwa kwa fimbo.
Hizi saba zilibingirika kiganjani,
nyekundu kwa kutu, moja imechubuka ubavu.
Moja tu. Ndiyo iliyokuwa ikisema kwa niaba ya zote.

Nikabadilisha mbili, hata ya nyuma isiyolalamika.
Zilikuja kwa basi kutoka Dar, ndani ya kikaratasi cha dawa;
bei yake siitaji humu ndani.
Sukuma kwa ukingo wa nje. Kamwe usisukume kwa ndani.
Wateja nawaambia hivyo kila siku, hawasikii,
wiki ijayo wanarudi wamenuna.
Usiku huo nilijisikiliza mwenyewe.
Tone moja la mafuta ya cherehani. Moja.

Gari ikapita ukumbini, ikakata kona kwenye ndoo,
ikatokea uani, kuku wa Bi Zaharia wakaruka,
na sikusikia kitu ila matairi.

Atakuja Juni. Ataiwasha, atatega sikio,
atasema, "Kumbe ilikuwa nzima."
Sijui kama nitamjibu.
Zile gololi saba nimezitia kwenye kichupa cha wanja.
Bi Zaharia amenitaka ahadi:
nisizitikise usiku.